Marekani: Kura iliyomrudisha Trump haikuvunja ndoa za watu wa jinsia moja. Kwa nini?

Tarehe 10 Novemba 2025, Korti Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza ombi la Kim Davis, karani wa zamani wa wilaya ya Rowan, katika jimbo la Kentucky. Mama huyu alifungwa siku 5 mwezi wa Septemba 2015 kwa sababu alikataa kutoa vyeti vya ndoa kwa watu wa jinsia moja, akisema imani yake ya kikristo haimruhusu. Kwa mfano wa kwetu, alikuwa kama muofisa wa eta-sivili anayegoma kuandika ndoa ambayo sheria inamwamuru aiandike. Waliokataliwa walimshitaki, na tribinali ikamwagiza awalipe fidia ya dola 100 000, bila kuhesabu gharama za mawakili. Ombi lake mbele ya Korti Kuu lilikuwa na mambo mawili: aondolewe deni hilo, na waamuzi wafute hukumu ya mwaka 2015 iliyoruhusu ndoa za watu wa jinsia moja katika majimbo yote 50. Korti ilijibu hapana, bila maelezo hata ya mstari mmoja.

Jibu hilo lilikuja mwaka mmoja na siku 5 baada ya uchaguzi wa tarehe 5 Novemba 2024. Watu wengi waliodhani wanajua siasa ya Marekani walikuwa wametabiri mambo mengine. Donald Trump aliporudi madarakani, vyombo vya habari vya kule viliripoti kwamba watu wa jinsia moja waliokuwa wachumba walikimbilia kufunga ndoa kabla ya mwezi wa Januari, wakihofia kwamba mlango utafungwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Katika waamuzi 9 wa Korti Kuu, watatu waliteuliwa na Trump katika muhula wake wa kwanza. Wengine watatu, yaani John Roberts, Clarence Thomas na Samuel Alito, walipinga hukumu ya mwaka 2015 siku ile ile ilipotolewa.

Lakini siku ile ile Trump aliposhinda, wapiga kura wa majimbo matatu waliulizwa swali la ndoa kwenye karatasi ile ile ya kura. California, Colorado na Hawaii zilikuwa na maneno katika katiba zao yaliyozuia au yaliyoruhusu kuzuia ndoa za watu wa jinsia moja. Raia waliulizwa: tuyaondoe? Majimbo yote matatu yalijibu ndiyo. California karibu 63 kwa mia, Colorado 64 kwa mia. Kamala Harris, ambaye mwaka 2013 akiwa mwanasheria mkuu wa California alifungisha mwenyewe ndoa ya wanawake wawili waliokuwa wameshitaki jimbo hilo, alishindwa urais. Jambo alilolitetea likashinda.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu ao Bunia, hali hii inashangaza kidogo. Tumezoea kuona kwamba anayekaa Kinshasa ndiye anayeamua kila kitu, kuanzia gavana hadi bei ya karatasi ya pasipoti. Kule, karatasi ya kura inaweza kuwa ndefu kama orodha ya bidhaa za soko la Kadutu: raisi, seneta, mbunge, mwamuzi wa wilaya, halafu maswali ya jimbo, moja moja. Na sheria ya ndoa, tangu mwanzo, ni kazi ya majimbo. Mtu anaweza kumpigia Trump kura kwa ajili ya bei ya mayai na mafuta ya gari, kisha chini ya karatasi hiyo akasema jirani yake aachwe na ndoa yake. Huko Colorado na California wako waliofanya hivyo, kwa sababu katika majimbo hayo mawili kura za "ndiyo" kwa swali la ndoa zilikuwa nyingi kuliko kura za Harris.

Uchaguzi huo haukuwa mambo ya mbali kwa watu wa mashariki ya Kongo. Kwa miaka kadhaa, Wakongomani walikuwa wa kwanza kwa wingi kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wao wakitoka Kivu kupitia kambi za Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula mpya, Trump alisaini amri iliyosimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kuna jamaa ambazo zilikuwa zimekwisha kuuza vyombo vyao kambini zikingoja ndege. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kura ile ilikuwa laini. Iliwaumiza wengi, na kati yao wamo watu wa kwetu. Kwenye ndoa za watu wa jinsia moja tu, haikuuma kama ilivyotazamiwa. Ili kujua sababu, inabidi kurudi nyuma miaka 20.

Mwaka 2004: majimbo 11 kwa siku moja

Tarehe 2 Novemba 2004, George W. Bush alipochaguliwa mara ya pili, majimbo 11 yalipiga kura siku hiyo hiyo kuandika katika katiba zao kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Yote 11 yalikubali. Mississippi ilifika 86 kwa mia. Kentucky, jimbo la Kim Davis, 75 kwa mia. Ohio 62 kwa mia. Massachusetts ilikuwa imeanza kufungisha ndoa hizo mwezi wa Mei mwaka huo kwa uamuzi wa korti yake, na Bush alikuwa amekwisha kuomba katiba ya inchi nzima ibadilishwe ili kuzizuia. Alishinda Ohio kwa tofauti ya kura karibu 118 000, na bila Ohio hangekuwa raisi tena. Wataalamu bado wanabishana kama swali la ndoa ndilo lililowatoa wapiga kura nyumbani. Wanasiasa hawakungoja jibu. Waliona kwamba jambo hilo linajaza masanduku ya kura, basi wakalitumia.

Aliyeongoza kampeni ya Bush mwaka huo anaitwa Ken Mehlman. Baadaye alikuwa mkuu wa chama cha Republican. Mwezi wa Agosti 2010, akiwa ametoka kwenye siasa, alitangaza kwamba yeye mwenyewe ni shoga, na kwamba anajutia kutosema lolote wakati ule. Kisha akaanza kuchangisha pesa kwa ajili ya kutetea ndoa ambazo chama chake kilizipinga. Wengine walimsifu, wengine walimuuliza kwa hasira alikuwa wapi walipomhitaji. Hasira hiyo inaeleweka, maana mtu huyo aliongoza kampeni iliyoifanya siri za wengine kuwa silaha.

Mwaka 2008, siku Barack Obama alipochaguliwa, na dunia nzima, hata huku kwetu, ilipokesha kwa furaha, California ilipiga kura kuondoa ndoa za watu wa jinsia moja zilizokuwa zimeruhusiwa na korti miezi michache kabla. Waliotaka ziondolewe walipata 52 kwa mia. Obama mwenyewe, katika kampeni yake, alisema kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Hii ni sura ya pili ya jambo lile lile: raisi wa maendeleo anashinda, na swali la ndoa linashindwa. Anayetafuta jibu kwenye jina la raisi peke yake atapotea mara mbili, mwaka 2008 na mwaka 2024.

Maine: namba zilizogeuka

Mahali pa kujifunza ni jimbo dogo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa, kwenye baridi kali. Wakongomani wanalijua. Mwaka 2019, mamia ya watu waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, waliovuka Amerika ya Kusini kwa miguu na kwa basi, walifika katika mji wa Portland na kulazwa katika uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu. Leo hii mtu anaweza kusikia lingala na kiswahili katika masoko ya Portland na Lewiston.

Miaka kumi kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2009, gavana wa Maine, John Baldacci, Mkatolika aliyekuwa akipinga ndoa za watu wa jinsia moja, alibadilisha mawazo na kusaini sheria ya kuziruhusu. Wapinzani walikusanya sahihi, na Novemba mwaka huo raia waliifuta sheria hiyo kwa kura ya moja kwa moja, karibu 53 kwa mia. Hakuna hata ndoa moja iliyokuwa imefungwa. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2012, swali lilirudi, na safari hii ni waliotaka ndoa hizo waliolileta. Matokeo: karibu 53 kwa mia, lakini upande wa ndiyo. Jimbo lile lile, na kwa sehemu kubwa watu wale wale.

Kati ya kura hizo mbili, wanaharakati walifanya kazi isiyo na kelele. Waliojitolea walipita mlango kwa mlango, mwaka mzima na zaidi, katika vijiji vya wavuvi na wakata miti, si kugawa makaratasi bali kuketi na kuongea. Walikuwa wamegundua kosa la kampeni zao za zamani. Walizoea kuongea haki, faida, bima ya afya, kodi. Mzee wa kijijini alisikiliza na kujiuliza: hawa wanataka ndoa kwa ajili ya pesa? Mimi nilioa kwa kuwa nilimpenda bibi yangu na nikaapa mbele ya watu. Basi wakageuza maneno. Walianza kumuuliza yeye kwanza: ndoa yako ina maana gani kwako? Halafu wakamsimulia juu ya watu anaowajua, mtoto wa jirani, mwalimu wa shule, shangazi asiyeolewa ambaye rafiki yake ameishi naye miaka 30. Tangazo moja la televisheni lilionyesha jamaa ya vizazi vinne imeketi mezani, na mzee aliyepigana vita kuu ya pili ya dunia akisema anataka mjukuu wake aweze kuoana na mwanamke anayempenda.

Siku hiyo hiyo ya 6 Novemba 2012, Maryland na Washington pia zilisema ndiyo, na Minnesota ikakataa kuandika marufuku katika katiba yake. Kabla ya hapo, zaidi ya majimbo 30 yalikuwa yamepiga kura juu ya jambo hilo, na karibu kila mara waliotaka ndoa hizo walipigwa. Miezi sita tu nyuma, tarehe 8 Mei, North Carolina ilikuwa imeandika marufuku kwa 61 kwa mia. Kesho yake, tarehe 9 Mei, Obama alitangaza katika televisheni ya ABC kwamba amebadilika. Alitaja askari waliorudi vitani, wafanyakazi wa ofisi yake, na wazazi wa rafiki za mabinti wake. Siku kumi baadaye, viongozi wa shirika kongwe la watu weusi, NAACP, walimfuata.

Maryland inastahili neno lake, kwa sababu kule makanisa ya watu weusi yana nguvu kama parokia zetu, na gavana Martin O'Malley ni Mkatolika aliyeandikiwa barua na askofu mkuu wa Baltimore akimsihi asiendelee. Wachungaji waligawanyika hadharani. Wengi walihubiri dhidi ya sheria hiyo. Wengine, kama mchungaji Delman Coates wa kanisa la kibaptisti, walisema kanisa lao litabaki na mafundisho yake lakini serikali isimnyime mtu cheti. Sheria yenyewe iliandikwa wazi kwamba hakuna padri wala pasta atakayelazimishwa kufungisha ndoa asiyoitaka. Bila maneno hayo, kuna uwezekano mkubwa Maryland ingesema hapana, kwani waliopiga ndiyo walikuwa 52 kwa mia tu.

Cheti cha kifo

Kura ya Maryland ilimfikia mtu mmoja wa Ohio kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Jim Obergefell na John Arthur waliishi pamoja Cincinnati miaka 20. Arthur alikuwa na ugonjwa unaokula mishipa na misuli polepole, na mwaka 2013 hakuweza tena kutoka kitandani. Ohio ilikuwa imefunga mlango kwa kura ya mwaka 2004. Maryland ilikuwa imefungua kwa kura ya mwaka 2012. Rafiki na jamaa walichanga pesa za kukodi ndege ya wagonjwa. Tarehe 11 Julai 2013 ndege ilitua karibu na Baltimore, haikuzima safari, na ndani yake, ikiwa imesimama kwenye uwanja, shangazi wa Arthur aliwafungisha ndoa. Kisha wakarudi nyumbani.

Siku chache baadaye wakili mmoja aliwaonyesha fomu ya cheti cha kifo ya Ohio. Arthur atakapokufa, aliwaambia, pataandikwa kwamba hakuwa na ndoa, na mahali pa jina la mwenzi wake patabaki tupu. Ndipo walipoamua kushitaki. Arthur alikufa tarehe 22 Oktoba mwaka huo. Kesi yao ikaungana na za wengine kutoka Michigan, Kentucky na Tennessee, na tarehe 26 Juni 2015 Korti Kuu ikaamua, waamuzi 5 dhidi ya 4, kwamba jimbo lolote haliwezi kuwanyima ndoa. Hukumu hiyo inaitwa kwa jina lake, Obergefell.

Vita vya karatasi moja ya ofisini havihitaji kufafanuliwa huku kwetu. Ni wangapi, kuanzia Uvira hadi Beni, walioana kimila, ng'ombe ao mbuzi wakatolewa, lakini hawakufika kamwe eta-sivili? Siku bwana anapokufa, wajomba na ndugu wanafika na kufuli. Sheria ya Jamaa inamlinda bibi aliyebaki, ila anatakiwa kwanza kuonyesha kwamba alikuwa bibi. Mjane aliyeondolewa nyumbani na watoto wake kwa kukosa cheti anaelewa ndege ile ya Baltimore kuliko profesa wa sheria. Hii haimaanishi kwamba atakubali ndoa ya wanaume wawili. Wengi hawatakubali. Lakini ataelewa kilichokuwa kinatafutwa.

Hapo pana jambo ambalo watetezi wa ndoa hizo wenyewe mara nyingi wanaliruka. Majimbo mengi ya Marekani hayakufikia ndoa za watu wa jinsia moja kwa kura ya raia, yalifikishwa na waamuzi. Roberts, katika maandishi yake ya kupinga mwaka 2015, alilalamika kwamba korti imewanyang'anya raia mjadala uliokuwa ukiendelea, na kwamba jambo lililopatikana kwa hukumu litabaki na maadui kuliko lililopatikana kwa kukubaliana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inamtaka mtu kama Arthur angoje majirani zake wa Ohio wabadilike, naye alikuwa na miezi mitatu ya kuishi. Kura za mwaka 2024 zimemjibu Roberts kwa sehemu: raia wa California walioondoa ndoa hizo kwa 52 kwa mia walizirudisha katika katiba kwa karibu 63, wakati korti ilikuwa imekwisha kuamua na hapakuwa na aliyewalazimisha.

Mtu wa nyumbani

Kuna mfuatano mmoja kwa wanasiasa waliobadilika. Dick Cheney, makamu wa Bush, alikuwa mkali kwa kila jambo isipokuwa hili, kwa sababu ya binti yake Mary. Binti yake mwingine, Liz, alipinga ndoa hizo alipokuwa anatafuta useneta, akakosana na dada yake, na mwaka 2021 alikiri kwenye televisheni kwamba alikosea. Rob Portman, seneta wa Ohio kutoka chama cha Republican, alibadilika mwaka 2013 baada ya mwanawe kumwambia yeye na mama yake kwamba ni shoga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwaka 2022, Portman alikuwa kati ya waliobeba sheria ya kulinda ndoa hizo katika Senati.

Waliomkosoa walisema: je, ni lazima jambo likufikie wewe ndipo uone wengine wanaumia? Swali ni la haki. Lakini ndivyo uchunguzi wa shirika la Gallup unavyosomeka pia. Mwaka 1996, Wamarekani 27 kwa mia walikubali ndoa za watu wa jinsia moja. Mwaka 2025 walikuwa 68 kwa mia. Badiliko hilo halikutoka kwenye hotuba. Watoto, ndugu na wafanyakazi wenzao walifungua mdomo, mmoja baada ya mwingine, na waliweza kufungua mdomo kwa sababu kusema hakukuwa tena kosa la jinai. Sheria za mwisho zilizoadhibu mapenzi ya watu wa jinsia moja zilikuwa zimefutwa na Korti Kuu mwaka 2003, mwaka mmoja kabla ya zile kura 11.

Namba hizo zinaficha ufa. Kati ya wafuasi wa Republican, waliokubali walikuwa 55 kwa mia mwaka 2021 na 2022. Mwaka 2025 wameshuka hadi 41. Mwezi wa Juni 2025, Wabaptisti wa Kusini, kanisa kubwa kuliko yote ya kiprotestanti kule, walipitisha azimio la kutaka hukumu ya Obergefell ifutwe. Trump mwenyewe alisema mwaka 2016 kwamba jambo hilo limekwisha kuamuliwa, chama chake kiliondoa maneno ya kuzipinga ndoa hizo waziwazi katika programu yake ya mwaka 2024, na waziri wake wa hazina, Scott Bessent, ana ndoa na mwanaume mwenzake na wana watoto wawili. Moto umehamishiwa kwa watu waliobadilisha jinsia, ambao ni wachache zaidi na ambao wapiga kura wengi hawana hata mmoja wao wanayemjua. Siku ya kwanza ya muhula wake, Trump alisaini amri dhidi yao pia.

Na ulinzi uliopo una mipaka yake. Mwaka 2022, Korti Kuu ilipofuta haki ya kutoa mimba, mwamuzi Thomas aliandika kwamba hukumu ya Obergefell nayo ifikiriwe upya. Bunge liliharakisha sheria iliyosainiwa na Joe Biden tarehe 13 Desemba mwaka huo, ikiungwa mkono na maseneta 12 wa Republican. Sheria hiyo inalazimisha kila jimbo kutambua ndoa iliyofungwa kihalali penginepo. Hailazimishi jimbo kufungisha. Kama Obergefell ingefutwa kesho, mwenye pesa za nauli angesafiri hadi Maryland, na asiye nazo angebaki Ohio bila cheti.

Na Kongo?

Kifungu cha 40 cha katiba ya Kongo kinampa kila mtu haki ya kuoana na mtu anayemchagua, wa jinsia tofauti na yake. Katiba hiyo ilipitishwa kwa referandomu ya Desemba 2005, kwa ndiyo ya karibu 84 kwa mia, yaani katika miaka ile ile majimbo ya Marekani yalipokuwa yakiandika maneno yanayofanana. Watu hawakupigia kura kifungu cha 40. Walipigia kura kumalizika kwa vita. Hata hivyo, kama kingewekwa peke yake kwenye karatasi leo, hakuna mchambuzi wa kweli anayeshuku kwamba kingepita kwa wingi.

Sheria yetu ya adhabu haitaji mapenzi ya watu wa jinsia moja kuwa kosa, tofauti na Burundi tangu mwaka 2009 ao Uganda. Lakini mwaka 2024 waziri wa sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, aliagiza waendesha mashitaka wawafuate wanaoyafanya. Na mwezi wa Januari mwaka huo, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alikuwa ametangaza kwamba hawatatoa baraka kwa wenzi wa jinsia moja ambazo Vatikani ilikuwa imeziruhusu wiki chache nyuma. Wakongomani wengi, Wakatolika na wasio Wakatolika, walimpigia makofi.

Katika hali hiyo, mazungumzo ya mlangoni kama ya Maine hayawezi kuanza, kwa sababu anayepaswa kuyaanza anaogopa kwanza wa nyumbani mwake. Mtoto wa Portman alimwambia baba yake akiwa chuoni, bila kuogopa polisi. Kijana wa Bukavu anayetaka kusema neno lile lile anapima kama atalala ndani usiku huo. Wale wanaodhani ndoa za watu wa jinsia moja zitaletwa Kongo na balozi fulani ao na shirika lenye pesa wanasahau jinsi zilivyofika Maine. Na wale wanaodai hakuna Mkongomani shoga wanategemea kimya ambacho wao wenyewe wanakilinda.

Tangu raisi Félix Tshisekedi atangaze mjini Kisangani, Oktoba 2024, nia yake ya kuwa na katiba mpya, mjadala wote umekuwa juu ya mihula. Hakuna chama kilichogusa kifungu cha 40, na hakuna kitakachokigusa. Ohio nako, maneno yaliyopigiwa kura mwaka 2004 bado yameandikwa katika katiba ya jimbo. Hayatumiki kwa kuwa hukumu ya mwaka 2015 iko juu yake. Siku hukumu hiyo ikiondoka, yanaanza kazi asubuhi yake, na hakuna mpiga kura atakayeulizwa.